Maji ya Mama Mkwe

Peni mwanangu,

Sitakuandikia habari za chandarua wala soksi. Baba yako ameshazimaliza, na leo mchana nimemsikia akikufundisha kufunga begi kana kwamba hukuwahi kulala bweni. Mwache. Kila mzazi ana namna yake ya kulia, na yeye analia kwa kukunja mashati. Mimi nimerudi hapa dukani, vijana wameshaingiza mabomba ndani, mlango mmoja nimefunga na mmoja nimeuacha wazi ili nione barabara. Mtaa wa Daraja Mbili jioni hii umejaa watu wanaorudi makwao, nawe kesho alfajiri unapanda basi la Kigoma.

Nataka kukueleza kuhusu ile picha iliyo juu ya rafu ya koki. Umekua ukiiona: sisi wanaklabu tumevaa vizibao vya njano, nyuma yetu tangi jipya kijijini kwa Bibi yako, na mimi katikati nimeshika mkasi. Wateja wakiuliza nawaambia ni mradi wetu. Wanasema hongera, wananunua elbo zao, wanaondoka. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama yale maji yalinyweka.

Siku ya makabidhiano ulikuwa shule ya bweni, kwa hiyo hukuona kilichotokea, na nilipokuja kukutembelea nilikueleza habari za pilau na kwaya. Sasa unakwenda kusimamia mradi wa maji mashuleni, unaolipiwa na mfuko uleule wa hisani wa klabu yetu. Siku moja na wewe utasimama kwenye picha ya namna hii. Afadhali uijue hii vizuri kabla hujapigwa yako.

Nianze mbali kidogo. Mimi ni wa Machame, ambako maji yanashuka mferejini baridi, na meno ya watu ni meupe hata ya wale wavivu wa mswaki. Nilipopelekwa kutambulishwa kwa wazazi wa baba yako, kule tambarare ya Ngarenanyuki, nyuma ya Mlima Meru, kitu cha kwanza nilichoona ni meno. Ya baba yako nilikuwa nimeshayazoea. Lakini pale uani walisimama shangazi zake wote wakicheka kwa furaha, na vinywa vyote vilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Dada yangu aliyenisindikiza akaninong'oneza kwa Kichaga kwamba nisiguse maji ya pale. Walipoleta kikombe nikasema nimeshiba.

Tangu siku hiyo nikawa na dumu langu. Lile la njano la lita tano, lililokuwa la mafuta ya kupikia. Kila tulipokwenda kijijini nilijaza maji ya mjini, ambayo nayo si malaika lakini yana nafuu, nikaenda nayo mapajani. Nilisema tumbo langu halipatani na maji mageni. Bibi yako alinipokea mlangoni, akalichukua dumu kwa mikono miwili, akaliweka kivulini jikoni. Loshoro yake ya mahindi na maziwa ya mgando nilikula, maziwa yake nilikunywa. Maji yake, hapana.

Kisha ukazaliwa wewe. Duka lilikuwa changa, baba yako alikuwa safarini kila wiki, na msichana wa kazi alikuwa hadumu kwangu, mmoja anaondoka mwingine anakuja. Ulipoachishwa ziwa nikakupeleka kwa Bibi, ukakaa kwake mpaka ulipofikia umri wa shule. Ulilelewa vizuri kuliko ambavyo ningekulea mimi wakati ule. Ulirudi unajua kuchunga mbuzi, kuchambua maharage na kusali kwa Kimeru.

Nilijua maji yale yanaharibu meno, Peni. Nilijua kama kila mtu wa Arusha anavyojua. Ila nilijiambia kwamba meno ya utoto yatang'oka, na yatakapoota mengine utakuwa umesharudi mjini. Hakuna aliyeniambia kwamba meno ya ukubwani yanaiva ndani ya ufizi wakati yale madogo bado yako nje. Nami sikuuliza. Mtu hulipa pango la duka kila mwezi, anajua bei ya kila koki, halafu hajui meno ya mwanawe yanaotaje. Yalipochomoza yale mawili ya mbele yakiwa na mistari ya kahawia, nikayasugua kwa mkaa na chumvi mpaka ukalia. Baba yako akaninyang'anya mswaki. Akasema, "Mama Peni, hiyo haitoki. Ingetoka mimi ningekuwa nimeshaitoa."

Hayo unayajua kwa upande wako. Unajua wasichana wa bwenini waliokuuliza kama unavuta sigara, na mkono uliojifunza kupanda mdomoni kila unapocheka. Upande wangu ni huu: ulipokuwa kwa Bibi, kila mwisho wa mwezi nilikuja kukuona nikiwa na dumu la maji mapajani, na sikukumiminia.

Klabuni niliingia kwa sababu hiyo, ingawa sikuwaambia. Aliyenipeleka ni mteja wangu, Mzee Stefano, yule mhandisi mstaafu anayenunua vali moja kwa saa nzima. Kwanza nilidhani ni mahali pa watu wa kula chakula cha mchana hotelini na kugonga kengele. Ni kweli wanakula, na kengele wanagonga. Wana faini pia. Unapigwa faini kwa kuchelewa, kwa simu kulia, kwa kuja na viatu vipya bila kutangaza, na mimi niliwahi kupigwa faini kwa kuwa Mchaga aliyeonekana sokoni akinunua bila kubishana bei. Lakini vicheko vile vyote vinaishia kwenye mfuko. Na ukiwa na mradi wa maana, klabu za mbali ambazo hamjawahi kuonana nazo zinaweka chao juu ya chenu. Nimeona wazee wakitolewa mtoto wa jicho kwa mfuko ule, wakashika nyuso za wajukuu wao kwa mikono miwili. Nimeona mtoto wa Olasiti aliyekuwa akibebwa mgongoni akipewa kiti cha magurudumu, siku ya pili akamgonga nacho kuku. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mtu akiubeza mfuko mbele yako usinyamaze. Ila usinyamaze pia ukiona tunakosea, maana tunakosea.

Basi nikasimama siku moja nikaeleza habari za Ngarenanyuki. Sikutaja meno yako. Nilimtaja Elia, mtoto wa baba yako mdogo, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, na miguu yake ikawa inapinda kuelekea nje. Maji yale hayaishii kwenye meno. Kwa mtoto mdogo yanaweza kuingia kwenye mifupa, na kila mwezi anaoendelea kuyanywa ni mwezi wa hasara. Klabu ikakubali. Mzee Stefano akachora kichujio: tangi la juu, tangi la chini, na katikati mkaa wa mifupa ya ng'ombe, mifupa ya machinjioni inayochomwa mpaka inakuwa nyeusi na kusagwa. Mkaa huo ndio unaonasa floraidi, ile sumu ya maji yale.

Tulipokaa kupanga hotuba, Mzee Stefano alisema, "Tuwaeleze wazi kwamba ni mifupa."

Nikamwambia, "Mzee wangu, ukitaja mifupa umeua mradi. Wale nawajua. Ni wakwe zangu."

"Wakija kujua wenyewe?"

"Watakuwa wameshazoea."

Akanitazama kwa juu ya miwani, akakubali kwa kuwa mimi ndiye mwenyekiti wa mradi. Kwenye hotuba tukaandika "kichujio cha kisasa".

Siku ya makabidhiano kulikuwa na jua kali. Turubai, kwaya, viti vya plastiki, na meza kuu yenye kitambaa cheupe. Tulikuwa na mgeni kutoka klabu ya ng'ambo, mzee mmoja mpole aliyeungua pua. Na kama ilivyo kwa meza kuu yoyote ya nchi hii, mbele ya kila mgeni palikuwa na chupa ya maji ya dukani. Sisi wenyewe tulizinunua, kwa heshima ya wageni. Nadhani yule mzee angekunywa ya bombani kama angeombwa. Hakuna aliyemwomba.

Nikakata utepe, nikafungua koki. Maji yakatoka, kwaya ikaimba, akina mama wakapiga vigelegele. Mpiga picha akasema nikinge mikono, nikakinga, nikanawa mpaka kwenye viwiko huku nikitabasamu. Kisha nikarudi mezani, nikaketi, nikafungua chupa yangu, nikanywa. Nilikuwa na kiu kweli. Picha iliyo hapo juu ya rafu ilipigwa dakika chache baadaye, na ukiitazama vizuri utaona shingo ya chupa kwenye mkono wangu wa kushoto.

Sikurudi kijijini mpaka mvua za masika zilipokwisha. Nilikwenda Jumamosi ya kawaida, peke yangu, na dumu langu. Nikapitia kwenye bomba nikaone foleni. Hapakuwa na foleni. Nyigu walikuwa wamejenga kwenye mdomo wa koki.

Nilimkuta Bibi yako jikoni akichambua mchicha. Elia alikuwa akizunguka mafiga, na ile miguu ilikuwa imepinda zaidi kuliko nilivyoiacha. Kando ya mlango ilikuwepo ndoo ya maji ya zamani, ya mfereji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mama Peni. Karibu. Leta dumu nikuwekee."

Sikumpa. Nikamuuliza kwa nini hawachoti pale bombani.

"Pale pa wageni?"

"Ni pa kwenu, mama. Tumewajengea ninyi."

Akaendelea kuchambua. "Wenyewe hamkunywa," akasema. "Mlikaa pale mnanyweshana chupa. Watu wana macho. Sasa wanasema mle ndani mmeweka mifupa ya punda."

"Ya ng'ombe, mama. Imechomwa mpaka imekuwa mkaa."

Akainua uso. "Mifupa ya ng'ombe?"

"Ndiyo."

"Na supu tunayompa mzazi, tunachemsha mawe?" Akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Nami nikaanza kucheka, nikaona yeye ameshaacha.

"Mama Peni," akasema, "tangu umeolewa hujanywa maji yangu. Sikukulaumu. Maji yangu nayajua, nimeyaona midomoni mwa wanangu wote. Nilikuwa najisemea, mkamwana wangu ana akili, anajihifadhi. Lakini haya ulisema ni mazuri. Ulisimama mbele ya watu ukasema ni mazuri. Halafu ukayanawa."

Mwanangu, mimi ni mtu wa maneno, unanijua, nabishana mpaka na mtu wa forodha. Siku ile nililitua dumu chini. Niliona aibu ambayo sijaiona tena mpaka leo. Miaka yote ile nilidhani dumu langu lilikuwa siri yangu na tumbo langu, na yeye alikuwa amelipokea mlangoni kila mara akijua ni nini.

Nikamuuliza nifanye nini.

"Mambo ya klabu siyajui. Jumapili ijayo ni mavuno. Njoo kanisani," akasema. "Dumu liache mjini."

Unajua mnada wa mavuno ulivyo pale usharikani. Ibada ikiisha watu hawaondoki, mwinjilisti anasimama na mikungu ya ndizi, kuku, mayai, debe la vitunguu, ananadi. Anayeshinda anaweza kuchukua kitu chake, au akamzawadia mtu mwingine hapohapo, na aliyezawadiwa hawezi kukataa. Yamekwisha madebe ya nyanya, Bibi yako akainuka kwenye benchi la wamama, akaweka mbele ndoo nyeupe yenye mfuniko na kikombe cha bati juu yake.

Mwinjilisti akafungua, akachungulia. "Mama, hii nayo ni mavuno?"

"Ni mavuno ya mkamwana wangu. Wewe nadi."

Watu wakacheka. Akanadi. Hakuna aliyetaja bei. Akanadi mara ya pili, nikasikia watoto wakicheza nje. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na gauni langu la kitenge, natamani ardhi ipasuke. Ndipo Bibi yako mwenyewe akainua mkono akainunua ndoo yake, akafungua fundo la kanga akalipa, akageuka.

"Namzawadia Mama Peni," akasema. "Na anywe hapahapa."

Nikatembea mpaka mbele. Akanichotea kikombe kikajaa, akanipa kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akilipokea dumu langu. Nikanywa chote. Maji yale ya bombani kwetu ni mepesi, hayana ladha yoyote. Nyuma yangu mtu akasema, "Kumbe ana koo." Kanisa zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka huku machozi yakinitoka, na kabla sijakaa nikawageukia nikawaambia habari ya mifupa, yote, tangu machinjioni. Nikawaambia pia kwamba Mzee Stefano alitaka waambiwe na mimi ndiye niliyemkataza.

Bibi akanywa baada yangu. Akamwita mama yake Elia, akamnywesha Elia. Mwinjilisti akanywa, akajipangusa, akainadi tena ndoo iliyobaki, ikanunuliwa na kuzawadiwa na kunadiwa upya kama ilivyo desturi, mpaka ikabaki tupu.

Sitakudanganya kwamba kesho yake kijiji kizima kilipanga foleni. Wachache walianza, wengine wakawatazama hao wachache kwa muda, ndiyo watu walivyo. Nyigu walifukizwa moshi. Elia leo yuko shule ya msingi na anacheza mpira, lakini mguu wake mmoja una tege ambalo halikunyooka. Miezi ile ambayo koki ilikaa na nyigu ilikuwa yangu, na yeye anaibeba mguuni. Mdogo wake aliyezaliwa baadaye ana miguu iliyonyooka. Mwezi uliopita meno yake ya mbele ya ukubwani yalichomoza. Ni meupe. Bibi amempeleka kila nyumba ayaonyeshe kama cheti cha kipaimara.

Klabuni niliwasimulia yote. Mweka nidhamu wetu, yule mtoza faini, ambaye hakuna jambo asilolifanyia mzaha, alisema hii haina faini. Tangu siku ile tuna kanuni moja isiyoandikwa: kwenye makabidhiano ya maji, meza kuu haina chupa.

Kwa hiyo hayo ndiyo ninayoyajua, na si mengi. Huko Kigoma sijui maji yao yana nini, na watu wake siwajui. Hata wakwe zangu, niliosema nawajua, sikuwajua. Wataalamu watakupa michoro, mfuko utakupa vifaa, na wenyeji kwa adabu yao watakuwekea chupa mbele ya kiti chako. Utakachofanya na chupa hiyo ni shauri lako. Wewe ni mkubwa sasa, na kwenye usaili wako, baba yako ameniambia, ulipoulizwa kwa nini unataka kazi ya maji ulicheka mdomo wazi ukasema, "Si mnaona?" Mimi hukunisimulia hilo. Nadhani uliogopa nitaumia. Nimeumia, na nimejivuna, vyote kwa pamoja.

Habari ya kuyasafisha kwa daktari sitaitaja tena. Nimeitaja kila Krismasi tangu umalize shule, na leo ndiyo nimeelewa kwamba nilikuwa nataka yaondoke machoni pangu mimi. Ukitaka kuyasafisha, yasafishe. Usipotaka, cheka nayo. Nisamehe tu kwa ajili yake. Sijawahi kulitamka neno hilo mbele yako. Nilikuwa nakununulia vitu badala yake.

Jambo la mwisho, kisha nifunge duka. Leo mchana baba yako mdogo alifika na pikipiki kutoka Ngarenanyuki, amefunga dumu la njano nyuma kwa mpira. Bibi yako amekujazia maji pale bombani, ya safari. Nadhani ni mojawapo ya yale yangu, maana kwa miaka yote ile mengi niliyaacha kwake. Baba yako anasema mzigo umezidi na maji yanauzwa kila kituo. Usimsikilize. Nimelifunga kwa kamba ubavuni mwa begi lako, mfuniko nimeukaza.

Utaona halijajaa. Kikombe kimoja nimekunywa mimi.

Mama yako